Mnyaa Hauna Miguu

Sogeza kigoda ukae. Wewe unayesoma nakuhesabu kuwa uko hapa jikoni kwangu Kalinzi, mimi nachambua maharage na wewe unasikiliza. Maharage nimeyachagua makusudi, maana mikono yangu ikiwa na kazi ulimi wangu haupambi maneno. Nataka kukueleza jinsi mkulima wa kahawa alivyogeuka mtetezi wa haki za watu, akaingiza sentensi yake kwenye mwongozo wa wilaya, na jinsi sentensi hiyo ilivyorudi nyumbani ikamnyang'anya jirani yake kiwanja. Mkulima huyo ni mimi. Nitakwenda polepole, na ukipotea njiani lawama ni yangu.

Tuanze na mmea, kwa sababu bila mmea huu hakuna kesi. Mnyaa hauna majani ya kueleweka. Ni vijiti vya kijani vimeota juu ya vijiti vingine. Ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikuingia jichoni utawataja babu zako wote kwa majina. Mbuzi hawauli. Lakini sifa yake kubwa ni ukaidi. Kata tawi, lichomeke ardhini, lisahau. Ukirudi baada ya mvua litakuwa limeshika mizizi na linakutazama. Ndiyo maana huku kwetu ua wa nyumba ni minyaa, zizi ni minyaa, na mpaka wa shamba na shamba ni minyaa. Mtu akiuona mstari wake hahitaji kuambiwa: huku kwangu, kule kwako.

Jambo la pili ni milima. Shamba langu limeinama kiasi kwamba boga likikuponyoka asubuhi, unalifuata mchana kwa watu wa chini. Kahawa inapenda mteremko, ila kitalu cha miche hakiwezi kukaa kwenye mteremko, mvua moja tu na miche yote inahama. Na mwaka ule ninaouzungumzia nilitaka kuotesha miche mingi.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa bibi mjane mwenye mbuzi watano wasio na adabu. Pale shamba lake lilipokutana na langu kulikuwa na kona ya tambarare, hatua kama kumi na mbili kwa upana, ambayo kwa milima yetu ni kama uwanja wa ndege. Mpaka kati yetu ulikuwa mfereji mdogo wa maji ya mvua, uliochimbwa na wazee wetu, na kona hiyo ilikuwa juu ya mfereji, yaani kwake. Nikaenda kuiomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kikapu kitupu, maana yake kuna kitu unataka."

"Nataka kona yako ya tambarare, nioteshe miche. Msimu mmoja tu."

"Kona ile nimemwekea binti yangu. Siku akichoka na huko aliko Uvinza, atarudi kujenga pale. Hakuna pengine pa kusimamisha nyumba."

"Miche haijengi, Bibi. Mvua zikianza naihamisha."

"Basi otesha. Ila kwa mbuzi wangu siwezi kukuahidi kitu, maana hata mimi hawanisikii."

Alisema kweli. Siku ya tatu tu nilimkuta mmoja amelala katikati ya tuta langu kama mgeni aliyepewa kitanda. Nikakata matawi mabichi ya mnyaa, nikayachomeka mstari mmoja upande wa juu, upande wa mbuzi, kuanzia ukingo wa korongo hadi kwenye ua wa kando ya njia. Vijiti nikavifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli yangu, uliokuwa umechoka kwa viraka. Katikati nikaacha upenyo wa kupitia na ndoo. Upande wa chini kulikuwa na shamba langu, sikuhitaji ua. Mvua zilipoanza nikahamisha miche, nikatoa nyasi za kivuli, nikachukua ndoo yangu. Vijiti nikaviacha. Nani anapoteza siku kung'oa vijiti?

Kumbuka hivyo vijiti, mimi nilivisahau.

Msimu huohuo alikuja kijijini mwanasheria kijana wa Ujiji, mpole, amevaa viatu vyeusi ambavyo matope yetu yalivimaliza kabla hajasalimia. Alikuwa anaendesha shirika dogo mjini na alikuja kutueleza juu ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Alisema baraza hilo lina mamlaka ya usuluhishi na si ya uamuzi. Watu wakatikisa vichwa, vile unavyotikisa chako mgeni anapoongea na chakula kiko jikoni. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Sasa nikienda pale nitapewa shamba langu au sitapewa?"

Mwanasheria akarudia sentensi ileile, mara hii polepole zaidi. Mama akakaa chini akiwa na swali lake lilelile.

Mimi nina ugonjwa mmoja: nikiona mtu hajaelewa, siwezi kutulia. Nikasimama.

"Mnajua kahawa tukishachuma, kabla ya kumenya tunaimwaga kwenye beseni la maji. Nzito inazama, nyepesi inaelea. Beseni halimenyi, halikaushi, halinunui. Kazi yake ni kuwasaidia muone ipi ni ipi. Baraza la kijiji ni beseni. Mkiona wenyewe mkakubaliana, mmemaliza, mnaandikiana, mnakwenda kula. Mkishindwa, ndipo mnabeba mzigo wenu kwenda kwenye mashine ya kumenya, kule wilayani, kwenye baraza linaloamua."

"Kumbe," yule mama akasema. "Si angesema beseni."

Mwanasheria hakukasirika. Baada ya mkutano alinifuata, akaniuliza kama ningeweza kwenda naye vijiji vingine. Alisema kazi yao ni kushawishi wenye kutunga taratibu wafuate haki inayomweka mwananchi katikati. Nikamuuliza katikati ya nini. Akafikiri hadi tukafika barabarani, halafu akasema, "Mama, ndiyo maana nakuhitaji."

Nikueleze nilivyokuja kuielewa baadaye, maana neno hili linatisha watu bure. Utaratibu wa kawaida ukikutana na mtu mwenye shida unamuuliza: karatasi yako iko wapi? Haki inayomweka mtu katikati inaanza kwa kuuliza: umefikaje hapa, umetembea umbali gani, unajua unachoulizwa, na ukitoka hapa shida yako itakuwa imepungua au imeongezeka? Karatasi inafuata. Ni hilo tu. Mengine yote ni semina.

Kwa hiyo nikawa mtu wa Katubuka, kule mjini, Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga. Sebule ndiyo ukumbi wa mikutano, chumba cha watoto ndicho masijala. Mume wangu wakati huo alikuwa Mpanda, ameenda kumsaidia kaka yake na mahindi kwa misimu miwili. Aliporudi akaushika yeye usukani wa kahawa, mimi nikawa mke wa mwisho wa wiki, ninayefika Jumamosi na mfuko wa migebuka, samaki wa ziwani, na kuondoka Jumapili na ndizi.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa Ilagala, kwa wavuvi, na nilikwenda na beseni langu kichwani, yaani ule mfano wangu. Tukafika asubuhi. Mahali pa mkutano palikuwa na kuku wawili na mama mmoja anayeanika dagaa, aliyetutazama kwa huruma.

"Mmefuata nani?"

"Wanaume na wanawake wa kijiji, mama. Tumekuja kuzungumzia haki."

"Haki yenu ingesubiri mbalamwezi. Siku hizi ni za giza, usiku wote wako ziwani na taa, sasa hivi wamelala. Hata ukiwaita kwa mirathi hawaamki."

Tulisubiri hadi jioni. Wachache waliokuja niliwaeleza habari za beseni na kahawa, nzito na nyepesi. Mzee mmoja mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, Mkongo wa zamani, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akasema, "Mama, sisi huku kahawa tunaijua ikishafika kwenye kikombe."

Nilirudi Katubuka nimenyenyekea kidogo, na nikaandika pendekezo langu la kwanza la sera kwa mkono wangu: mabaraza yasipange vikao kwa wavuvi siku za giza, wala kwa wakulima wa kahawa wiki za kuchuma. Kabla ya kupanga siku, waulizwe wenyewe. Pendekezo likapita. Sikuamini. Nilikuwa nimezoea mambo ya kusubiri miaka mitatu kuchuma.

Sasa ndipo tunafika kwenye sentensi yenyewe. Wilaya ilikuwa inakusanya maoni kwa ajili ya mwongozo wa mabaraza ya ardhi ya vijiji, na tukaitwa wadau ukumbini. Mimi nilivaa kitambulisho shingoni kilichoandikwa MDAU, nikakivaa hadi kwenye gari la kurudi nyumbani. Hoja yangu ilikuwa kwamba watu maskini hawana mawe ya upimaji. Mpaka wao ni mimea. Kwa hiyo mstari wa minyaa utambuliwe kuwa ushahidi wa mpaka. Afisa mmoja wa upimaji, mtu mkimya mwenye kalamu nne mfukoni, akapinga.

"Mama, mti ni mti. Unaweza kuota popote."

"Mwanangu," nikamwambia, nikiwa nimesimama kabisa, "mnyaa hauna miguu. Ukiuona mahali, kuna mtu aliusimamisha pale."

Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akagonga meza kwa furaha, na sentensi ikaingia kwenye rasimu. Afisa akaandika kitu kwa kalamu mojawapo. Wiki mbili baadaye shirika letu likachapisha fulana za kijani zenye maneno MNYAA HAUNA MIGUU kifuani. Nilizigawa mwenyewe, kijijini kwetu nikianza. Nilifanya mkutano mzima juu ya minyaa, na Bibi jirani alikuwepo, amekaa mstari wa pili. Nilimpa fulana. Aliikunja, akaiweka mapajani, akanitazama kwa muda. Nikadhani ni fahari.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya kahawa kuiva vizuri, mtendaji wa kijiji alinikabidhi barua ya wito. Niliisoma pale pale nimesimama, na tabia ya kazi ikanishika. Barua haikueleza shauri linahusu nini hasa. Haikutaja haki ya kuja na shahidi. Nikachomoa kalamu nyekundu, nikaisahihisha kutoka juu hadi chini, nikaandika pembeni "eleza kwa lugha rahisi", ndipo nikafika kwenye mstari wa mlalamikiwa na kukuta jina la mume wangu, na baada yake jina langu.

Mume wangu alikuwa anapalilia. Hakuinua hata mgongo.

"Ni Bibi wa juu. Binti yake amerudi kutoka Uvinza na watoto wawili, anataka kujenga. Anasema tumeingia kwake."

"Mpaka wetu ni upi pale?"

"Minyaa."

"Minyaa ipi?"

"Hiyo hapo. Imenizidi urefu. Nilipotoka Mpanda niliikuta, nikapanda kahawa hadi kwenye mstari. Kuna mfereji ulikuwa unanisumbua katikati, nikaufukia."

Nikaitazama. Mstari mnyoofu, mzito, wa kijani, mpaka wa kupigiwa picha. Kwa miaka ile yote nilikuwa nazungumza juu ya minyaa kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kuiangalia. Na mfereji? Nakwambia kweli, neno mfereji lilinipitia kama mtu anayekusalimia ukiwa unapiga hesabu za safari.

"Basi hakuna kesi," nikasema. "Mnyaa hauna miguu."

"Hauna," mume wangu akakubali, na siku ya kikao akavaa fulana.

Baraza lina wajumbe saba, na sheria inataka wanawake wasipungue watatu. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyekuwa fundi baiskeli wa kijiji kwa maisha yake yote, hadi pikipiki zilipomstaafisha. Kwa ushauri nilioutoa mimi mwenyewe kwenye semina, kikao kilifanyika shambani, mahali penye mgogoro, kila mtu aone kwa macho. Wajumbe wakakaa kwenye mikeka kati ya kahawa. Bibi alikaa kwenye gogo, na binti yake akasimama nyuma yake amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa kazi.

Mlalamikaji aliombwa aanze. Bibi akasema tu, "Pale ni kwangu. Binti yangu analala kwenye jiko langu na watoto, na mbuzi wamelala ukuta wa pili. Nataka ajenge pale pa tambarare. Nimemaliza."

Nikasimama mimi. Nilitaka kijiji kione mlalamikiwa mwenye adabu anavyojitetea. Nikaeleza maana ya ushahidi, nikaeleza mipaka ya asili, nikanukuu ukurasa wa rasimu ya mwongozo. Nikamaliza kwa kuonyesha ule mstari kwa mkono ulionyooka.

"Minyaa hii haikuja yenyewe, Mzee Mwenyekiti. Kuna mtu aliipanda hapa, na aliipanda kwa sababu hapa ni mpaka."

"Sawa," akasema Bibi kwa upole. "Mwanangu, naomba nikuulize moja. Mwaka ule nilipokupa kona yangu uoteshe miche, mbuzi wangu uliwazuia na nini?"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka sikukipanga.

"Na vijiti," nikasema.

"Vijiti vya mti gani?"

Wajumbe wote saba waligeuza shingo kutazama minyaa, halafu wakanigeukia. Mume wangu akakunja mikono juu ya maandishi ya fulana yake.

"Inawezekana ni vingine," nikasema, na hata mimi sauti yangu ilinisikitisha. "Vile vyangu vilikuwa vidogo."

"Na mtoto huwa mdogo," akasema mjumbe mmoja mwanamke.

Mwenyekiti akanyanyuka kwa shida, akaenda hadi kwenye mstari. Akatembea nao polepole, akisimama hapa na pale. Alipofika katikati, penye upenyo wa upana wa mtu na ndoo, akainama, akavaa miwani, akakwaruza shina kwa ukucha. Ndani ya gome kulikuwa na kitu cheusi, mti umekimeza nusu. Akakivuta, kikatoka kipande chenye urefu wa kidole kimoja.

"Mpira wa ndani," akasema. "Baiskeli ya inchi ishirini na nane. Na hiki hapa ni kiraka."

"Viraka viko vingi, Mzee," akasema mume wangu, ambaye bado alikuwa anapigana.

"Viko vingi. Lakini mafundi wengine walikuwa wanakata mraba. Mimi nakata duara na kulitia meno pembeni, kama kizibo cha soda, lisibanduke. Kiraka hiki nimekipiga mimi. Na baiskeli iliyokula viraka vyangu kuliko zote kijiji hiki," akanigeukia bila ubaya wowote, "ilikuwa ya huyu."

Nilikaa chini. Nikaviona vyote kwa mara moja: ndoo, nyasi za kivuli, mbuzi aliyelala kwenye tuta, mimi nikiondoka na kusema nani anapoteza siku kung'oa vijiti.

"Mlalamikiwa ana la kusema?" akauliza Mwenyekiti.

"Ninalo. Ni kitalu changu. Mpaka ni mfereji uliofukiwa. Pale ni kwa Bibi."

"Kumbe una miguu," akasema mjumbe aliyekaa mwisho wa mkeka, na mikeka yote ikacheka, hata binti wa Bibi, aliyekuwa hajacheka tangu arudi kutoka Uvinza. Mimi nilicheka mwisho, lakini nilicheka.

Kilichonichoma kilikuja baada ya kicheko. Nilimsogelea Bibi, nikapiga magoti, nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile. Kumbe aliwahi kumwambia mume wangu mara moja, akajibiwa asubiri mama arudi. Mama, yaani mimi, nilikuwa narudi kila Jumamosi.

"Ulikuwa mtu wa sheria," akasema. "Nikaja kwenye mkutano wako, ukasimama ukasema mnyaa hauna miguu, ukanipa na nguo. Nikadhani unaniambia mimi. Nikadhani sheria mpya imekupa, na unaniarifu kwa heshima."

"Na leo umepata wapi nguvu ya kuleta shauri?"

"Si nguvu. Ni wajukuu. Na kile kikaratasi chako ulichogawa pamoja na fulana kinasema mtu akionewa na yeyote aende baraza. Nikaomba nisomewe tena lile neno 'yeyote'."

Makubaliano yaliandikwa palepale, nakala tatu, na safari hii nilikuwa nimesimama upande wa kusaini tu. Kona inarudi kwa Bibi. Mume wangu atachuma kahawa iliyoiva msimu huu, kisha ang'oe. Sisi tutakata minyaa na kuchimba mfereji upya, majirani wa pande zote wakiwepo. Alipomaliza kusaini, binti wa Bibi akaniambia, "Asante, dada. Siku nyingine ukipanda kitu kwetu, tuambie kinakuwa kikubwa kiasi gani."

Kuikata minyaa ile kulituchukua siku mbili, na utomvu ulimwingia mume wangu kwenye jicho moja, akaketi chini akiosha kwa maji huku akinieleza maoni yake juu ya utetezi wa sera. Matawi aliyatupa ukingoni mwa korongo. Nilimwambia asiyatupe pale. Mvua zilipokuja yakashika, sasa korongo lina mpaka mzuri kuliko wa mtu yeyote, na nimemwandikia mtendaji mapema kwamba hauna maana yoyote.

Halafu ikabaki kazi ngumu zaidi. Rasimu ya mwongozo ilikuwa bado haijapitishwa, na kulikuwa na kikao cha mwisho. Mwanasheria wa Ujiji aliniambia anaweza kwenda yeye. Nikamwambia vijiti nilichomeka mimi. Nikasimama ukumbini palepale, nikiwa sijavaa kitambulisho, nikaomba sentensi yangu ibadilishwe. Minyaa iwe ushahidi, ndiyo, lakini baada ya baraza kutembelea mstari pamoja na majirani wa pande zote na kuuliza mambo matatu: nani alipanda, mwaka gani, na kwa kazi gani. Na ikiwa mmoja kati ya wanaogombana ni mtu mwenye cheo au mwenye kazi ya sheria, yeye aulizwe wa kwanza.

Nikaeleza kwa nini. Nilieleza yote, na kiraka chenye meno nikakieleza, na sikuficha fulana. Yule afisa wa upimaji alichomoa kalamu, akaandika taratibu neno kwa neno, akapiga mstari chini yake.

"Hii sasa imekaa vizuri, mama," akasema. Kisha, bila kuinua macho, "Fulana zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki boksi moja. Alichukua mbili.

Nyumba ya binti wa Bibi imesimama. Ni ya miti na udongo, vyumba viwili, bati zinang'aa hadi kwangu, na kila asubuhi nikimwaga maji ya kuoshea vyombo nasikia watoto wake wakigombana na mbuzi. Siku ya kukandika nilikwenda kusaidia. Binti mwenyewe alikuwa amevaa ile fulana aliyopewa mama yake, tope limemrukia katikati ya kifua na kufuta neno la katikati. Limebaki MNYAA, na chini yake MIGUU. Bibi aliniona ninavyosoma.

"Nimemwambia asiifue," akasema, na akanipa ndoo nikachote maji.

Haya, maharage yangu yamekwisha, na wewe una kazi ya kwenda kufanya. Kabla mvua hazijaanza, mwite jirani yako wa kila upande, mtembee mpaka wenu kwa miguu kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakubwa na watoto pamoja. Kwenye kila mti na kila jiwe ulizaneni nani aliweka, lini, na kwa nini. Andikeni mtakachokubaliana kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Na kitalu chako kizungushie mabua makavu ya mahindi.